Mtoto wa siku 23 mwenye Down, kifua kimesikilizwa na "moyo uko safi". Eko bado ni lazima?

Tabibu_Kusini

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlio wakubwa.

Niko kituo cha afya mikoa ya kusini. Hospitali yenye mashine ya eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ni safari ya usiku kucha kwa basi. Nina kichanga wa kike wa siku 23. Macho, misuli iliyolegea, mstari mmoja kiganjani, nafasi pana kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata: kila kitu kinasema Down, yaani hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Mama ana miaka 26, huu ni uzao wake wa pili. Kipimo cha kromosomu hakijafanyika.

Alikojifungulia, daktari alisikiliza kifua mara mbili, hakusikia sauti yoyote ya ziada, akamwambia mama moyo uko safi, amrudishe mtoto akifika mwaka. Leo nimempima: uzito kilo 2.9 (alizaliwa na 2.8), pumzi 56 kwa dakika, homa hana, choo anapata. Ananyonya taratibu, kama dakika 45 kwa mara moja, na hutoka jasho kichwani. Mama anasema ni joto la chumba.

Kama hakuna sauti ya ziada, eko bado ina maana ukilinganisha na nauli? Damu nichukue ipi, na kwenye chupa gani? Na kwenye kunyonyesha nimwelekeze nini? Naomba kuwasilisha.

DaktariWaVichanga

Mkuu, eko ni lazima, na si ya mwakani. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Inayoongoza ni ile tunayoiita AVSD: tundu katikati ya moyo linalounganisha vyumba vya juu na vya chini, na vali moja kubwa mahali pa vali mbili. Ndiyo maana kila mtoto mwenye Down hupigwa eko mwezi wa kwanza wa maisha, awe na sauti au asiwe nayo.

Stethoskopu inadanganya kwa sababu hii. Sauti ya ziada hutokea damu inapopita kwa kasi kutoka upande wenye presha kubwa kwenda upande wenye presha ndogo. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu bado imebana, presha ya kulia inakaribiana na ya kushoto, kwa hiyo damu haina haraka ya kwenda popote. Tundu linaweza kuwa kubwa na kimya kabisa. Kwa kawaida mishipa hiyo hulegea kati ya wiki ya pili na ya nane. Hapo damu huanza kufurika mapafuni, na sauti nayo husikika.

Kwa watoto wenye Down kuna mtego mwingine: kwa baadhi yao mishipa ya mapafu hailegei. Mtoto hahemi, hanyong'onyei, ananenepa vizuri, na kila mtu kliniki anamsifia. Huyo ndiye wa kuogopwa. Mishipa yake inazidi kuwa migumu mwezi hadi mwezi, na akiletwa na mwaka mmoja au miwili midomo ikiwa ya bluu, upasuaji unaweza kuwa hauwezekani tena, kwa sababu ukiziba tundu moyo wa kulia utakosa pa kupumulia. AVSD kamili kwa kawaida hufanyiwa upasuaji kati ya miezi 3 na 6. Kwa hiyo "arudi akifika mwaka" ni kumpangia mtoto tarehe baada ya mlango kufungwa.

Sasa nirudi kwa mtoto wako, maana namba ulizoandika zinanisumbua kuliko swali lenyewe.

Uzito: kichanga hupungua siku za mwanzo, hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 14, kisha huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Huyu alitakiwa awe anazidi kilo 3 kidogo. Gramu 100 kwa siku 23 ni chache.

Kunyonya dakika 45 na jasho: jasho la joto humtoka mtoto mwili mzima hata akiwa amelala. Jasho la paji la uso linalokuja akianza kunyonya na kukauka akiacha ni la moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Kwake kunyonya ni kama kupanda ngazi.

Pumzi 56: ulihesabu sekunde 30 ukazidisha kwa mbili? Vichanga hupumua kwa mafungu, wanakimbia kidogo kisha wanatulia. Hesabu dakika nzima akiwa amelala, hajalia, hajatoka kunyonya, kisha rudia. Ikifika 60 au zaidi mara zote mbili, hiyo ni ya kweli.

Ukirudi kwake, shika mapigo ya kinena pande zote mbili. Yakiwa hafifu kuliko ya mkononi, huenda mshipa mkuu umebana, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Papasa ini limeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu. Weka oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu) mkono wa kulia kisha mguu wowote; chini ya 95, au tofauti inayozidi 3, mpe rufaa haraka. Ila oksimita nzuri haimwondolei mtoto AVSD, usije ukaitumia kumrudisha nyumbani.

Na kama hapo wilayani kuna mashine ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), mpige. Ni karatasi ya bei ndogo, lakini mhimili wa moyo ukiwa umegeukia juu, yaani kwenye karatasi mchoro wa lidi I unaangalia juu na wa lidi aVF unaangalia chini, kwa mtoto mwenye Down hiyo karibu ikutajie AVSD kabla ya eko. Ikiwa ya kawaida, bado anaenda eko.

Heparini

Nachukua upande wa maabara, maana hapa ndipo sampuli nyingi huharibika.

Kipimo cha kromosomu: mililita 2 za damu kwenye chupa ya heparini, ile ya kifuniko cha kijani. Usitumie ya zambarau. Kipimo hiki kinahitaji chembe hai, kwa sababu maabara huziotesha siku mbili hadi tatu ndipo zipigwe picha zikiwa zinagawanyika. Dawa iliyomo kwenye chupa ya zambarau inazidhoofisha. Geuza chupa taratibu mara nane hadi kumi, usitikise. Isigandishwe, isiachwe kwenye dashibodi ya gari, ifike ndani ya saa 48. Usichukue Ijumaa kama maabara haipokei wikendi. Itakaa mezani mpaka Jumatatu na majibu yatarudi "haikuota". Kama mtoto aliwahi kuongezewa damu, andika tarehe kwenye fomu.

Watu huuliza kwa nini tusumbuke wakati sura inaonekana. Sababu ni uzao unaofuata. Takriban 95 kwa 100 wana kromosomu ya 21 tatu zilizo huru, ajali ya mgawanyiko ambayo mara nyingi hutokea kwenye yai. Hapo uwezekano wa kurudia ni kama 1 kwa 100, au ule wa umri wa mama kama ni mkubwa zaidi. Wachache, 3 au 4 kwa 100, kromosomu ya ziada imeshikamana na nyingine, mara nyingi ya 14. Kwa hao baba na mama nao hupimwa, kwa sababu mmoja anaweza kuwa ameibeba bila dalili yoyote. Mama akiwa ndiye mbebaji, uwezekano wa kurudia hufika 10 hadi 15 kwa 100; baba akiwa ndiye, ni mdogo zaidi. Waliobaki ni mchanganyiko, baadhi ya chembe zina 46 na nyingine 47. Ukubwa wa ulemavu usiubashiri kwa karatasi hiyo.

Umri wa miaka 26 usimshangaze mtu. Hatari hupanda na umri, kama 1 kwa 1,500 kwenye miaka 20, 1 kwa 350 kwenye 35, 1 kwa 100 kwenye 40, lakini wanaozaa zaidi ni wasichana, kwa hiyo watoto wengi wenye Down mama zao hawajafika 35.

TSH na FT4, vipimo vya homoni za tezi ya shingo: chukua sasa. Tezi ya shingo ikilala wiki hizi ubongo ndio unaoumia, na dalili zake (kulegea, ulimi mkubwa, choo kigumu, manjano isiyoisha, kulala sana) zinafanana na Down yenyewe, ndiyo maana haikamatwi kwa macho. Rudia miezi 6, mwaka, kisha kila mwaka. TSH kati ya 5 na 10 yenye FT4 nzuri ni jambo la kawaida kwao. Rudia tu kipimo. Ikizidi 20 kwa umri huu, daktari huanza dawa hata kama FT4 ni nzuri.

FBP (hesabu ya chembe za damu), na slaidi ya damu isomwe kwa macho ya mtu, isiishie kwenye mashine. Kama 1 kati ya 10 huzaliwa na hali inayofanana na saratani ya damu ambayo nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu. Ila takriban mmoja kati ya watano wa hao huja kupata saratani yenyewe kabla ya miaka 4, kwa hiyo aliyeonekana nayo hupimwa FBP kila baada ya miezi michache. Mweleze mama dalili: kupauka, michubuko bila kuanguka, vidoti vyekundu, tumbo kujaa upande wa ini au bandama.

Na la pembeni: jina ni la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeielezea mwaka 1866. Nimeona mtu ameandika kwenye kadi "mtoto yuko down". Hapana jamani. Na usiandike "mtindio wa ubongo", hilo ni jambo jingine kabisa.

Tabibu_Kusini

Asanteni sana wakuu. Nimerudi kwa mtoto. Dakika nzima amelala: 63, nikarudia 66. Ini sentimita 3. Mapigo ya kinena yapo, yana nguvu sawa na ya mkononi. Oksimita mkono 95, mguu 94. Hana homa, kitovu kikavu, FBP ya hapa haionyeshi maambukizi, Hb (wingi wa damu) 14. Mtungi wa oksijeni ninao, nimuwekee wakati tunatafuta usafiri?

DaktariWaVichanga

Huyo moyo umeanza kushindwa. Asiende na basi la usiku kama mgonjwa wa kliniki, mpigie simu daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa sasa hivi umpe namba hizohizo.

Oksijeni usimuwekee kwa 94. Oksijeni ni dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu. Kwa mtoto ambaye damu yake tayari inafurika mapafuni utaifungulia bomba zaidi, namba kwenye oksimita itapendeza na pumzi zitaongezeka. Ikishuka chini ya 90, mpe, kiasi cha kumrudisha juu ya 90 tu.

Frusemide mkikubaliana kwenye simu: miligramu 1 kwa kilo, yaani 2.9 kwake. Sindano ina miligramu 10 kwa mililita, hivyo ni mililita 0.29, vuta kwa bomba la mililita 1. Kosa la desimali hapa si la kuchekea. Dawa hii inampunguzia maji, tundu haizibi, na mama aambiwe hivyo waziwazi, la sivyo akiona mtoto amepata nafuu atashuka njiani.

Safarini akae ameinuliwa kichwa, asibanwe kifua na kanga, alishwe kidogokidogo. Barua ya rufaa iwe na: uzito wa kuzaliwa na wa leo, pumzi za dakika nzima, ini, oksimita mkono na mguu, mapigo ya kinena, dawa na saa iliyotolewa. Andika "ashukiwa AVSD, mtoto mwenye Down". Ukiandika "homa ya mapafu" atalazwa siku saba kwa antibayotiki huku muda unakwenda. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Gharama zisiwazuie kuanza safari. Mama apitie kwa afisa ustawi wa jamii akifika, kabla hajaanza kuuza kitu.

Bibi_Kliniki

Mwanangu Tabibu, kabla hajapanda gari mwonyeshe mama namna ya kumshika, maana maziwa ndiyo yatakayomfikisha kwenye kitanda cha upasuaji akiwa na uzito.

Mtoto huyu taya limelegea, linaachia. Titi libebwe kutoka chini na vidole vitatu, cha kati, cha pete na cha mwisho. Gumba na cha shahada vibaki huru vimefanya kama herufi U, kidevu cha mtoto kikae kwenye mkunjo huo, ncha za vidole ziguse mashavu bila kubana. Mwili wake uwe umenyooka umemwelekea mama, matako yamebebwa, sikio liwe juu kidogo kuliko titi ili maziwa yasimkimbilie kooni.

Anyonye dakika 15 hadi 20 tu, kisha mama akamue, amalizie kwa kikombe kidogo. Dakika 45 ni kumchosha, nguvu anayotumia inazidi anayopata. Mahitaji kwa umri huu ni kama mililita 150 kwa kilo kwa siku: kwake ni 435, ukigawa mara 10 ni mililita 40 na kitu kila baada ya saa mbili na nusu hivi. Watoto hawa hawalii njaa, kwa hiyo aamshwe. Nepi za mkojo zisipungue sita kwa siku. Kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, alambe mwenyewe, asimiminiwe.

Kutapika maziwa kidogo si neno. Kutapika kijani ni hospitali usiku uleule, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umeziba au umejisokota. Na muulize kinyesi cheusi cha kwanza kilitoka lini. Kama kilipita saa 48, au tangu hapo choo ni cha kusukumwa na tumbo linajaa, sehemu ya utumbo huenda haina neva, nalo liandikwe kwenye barua. "Choo anapata" haitoshi.

Jingine, na hili naomba ulisemee mbele ya bibi wa mtoto: asikatwe kimeo. Akikohoa au akikataa titi, majirani watasema ni kimeo. Kimeo hakihusiki. Mtoto wa moyo akikatwa kimeo anapoteza damu na anapata maambukizi wakati hana akiba hata ya siku moja.

Mdau_Temeke

Wakuu kuna dawa za kuongeza akili kwa hawa watoto, piracetam na vile vitamini vya vifurushi vinavyouzwa mitandaoni. Kwa nini hamzitaji? Na pia nasikia wapigwe eksirei ya shingo wote.

MazoeziTiba

Hatuzitaji kwa sababu zimejaribiwa kwa watoto wenye Down na hazikuleta tofauti. Piracetam iliwaongezea hasira na kukosa usingizi. Vitamini vingi vya kuondoa sumu mwilini navyo vilipimwa, havikusogeza maendeleo. Pesa hiyo inunue nauli ya kipimo cha masikio. Nyama nyuma ya pua na mirija myembamba hufanya maji mazito yajae nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto anasikia kama yuko ndani ya pipa, halafu tunasema "akili nzito". Apimwe akizaliwa, miezi 6, kisha kila miezi sita mpaka tundu la sikio lionekane vizuri, baadaye kila mwaka. Macho pia: mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu iliyopigwa na mwanga, ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake unataka wiki, hautaki miezi.

Eksirei ya shingo kwa asiye na dalili haisaidii. Picha nzuri leo haimlindi kesho, na kabla ya miaka 3 mifupa bado haisomeki. Muhimu ni dalili: shingo kukaa upande, maumivu, aliyekuwa anatembea kuanza kujikwaa, aliyeacha kujikojolea kuanza tena. Hapo shingo isichezwe, apelekwe siku hiyo. Na kila anayepewa usingizi wa upasuaji, mwambieni mtaalamu wa usingizi mapema ili asimkunje shingo. Hii inamhusu hata huyu wa leo.

Mazoezi anaanza baada ya moyo kutulia. Alazwe kifudifudi juu ya kifua cha mama akiwa macho, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku. Akibebwa mgongoni miguu hutanuka mno kwa sababu nyonga zimelegea. Ikunjwe kidogo kwa kanga, mapaja yasikae kama msamba. Kukaa kwao ni karibu miezi 9 hadi 11, wengine zaidi ya mwaka. Kutembea ni wastani wa miaka miwili, wapo wa miaka minne.

Na kitu ambacho hakimo kwenye kadi ya kliniki: kati ya miezi 4 na 12 mtoto akianza kujikunja ghafla, kichwa kinashuka na mikono inafunguka kama ameshtuka, sekunde moja au mbili, anarudi, anajikunja tena, mara kumi au ishirini mfululizo, hasa akitoka usingizini. Hana homa. Watu watasema degedege, wengine watasema ameshtuliwa, na wengine tumbo. Ni kifafa cha watoto wachanga, na kila wiki inayopita bila dawa inamrudisha nyuma alichojifunza. Mama achukue video kwa simu, mlolongo mzima, aipeleke kwa daktari wa watoto siku ileile. Mtoto akifika hospitali mara nyingi atakuwa ametulia, na video ndiyo itakayompatia kipimo cha EEG (umeme wa ubongo) na dawa.

Heparini

Nyongeza moja kuhusu dawa ya tezi endapo TSH itarudi mbaya. Kidonge kisagwe, kichanganywe na mililita chache za maziwa ya mama kwenye kijiko, apewe chote papo hapo. Kisiwekwe kwenye chupa nzima ya maziwa, nusu itabaki ukutani mwa chupa. Kipishane saa nne na dawa ya damu yenye madini ya chuma. Damu irudiwe wiki mbili baada ya kuanza. Na chanjo zote aendelee nazo kama kawaida, wiki 6, 10 na 14; moyo si sababu ya kumruka, na homa ya mapafu ndiyo inayowaua wengi wakisubiri upasuaji.

Tabibu_Kusini

Gari la wagonjwa limepatikana, wanatoka saa kumi na moja alfajiri. Nimeongea na daktari wa zamu, frusemide imetolewa saa mbili usiku, mililita 0.29, imeandikwa kwenye barua. Nimemuuliza mama kuhusu kinyesi cha kwanza: kilitoka siku ya pili asubuhi. Chupa ya kijani nimempa aende nayo tupu, wakachukulie damu hukohuko, leo ni Alhamisi.